Mmea wa rangi unapogoma: kusoma dalili za krotoni, kodilini, kaladi na bogenvilia katika bustani za Pwani

Mtu akija na jani lililougua ndani ya mfuko wa plastiki, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Niweke dawa gani?" Nimeotesha na kuuza miche ya mapambo Dar es Salaam miaka mingi, na mara nyingi jibu langu ni kwamba dawa haihitajiki. Mmea wa rangi unaodorora huku kwetu kwa kawaida una shida ya mwanga, ya maji, ya chumvi au ya mizizi. Wadudu wapo, nitawafikia, lakini hata wao hushamiri zaidi kwenye mmea ambao umeshachoka.

Kwa hiyo kabla sijamtajia mteja kitu cha kununua, namuuliza maswali. Jani lililoumia ni la chini, yaani la zamani, au ni la juu lililochipua juzi? Ubaya umeanzia wapi: kwenye ncha, kwenye kingo, kati ya mishipa, au mgongoni mwa jani? Na nini kimebadilika wiki tatu nne zilizopita? Chungu kimehamishwa, maji ya bomba yamekatika ukaanza kutumia ya kisima, jirani amejenga ukuta, mwembe umetanuka ukaongeza kivuli? Akijibu hayo, mara nyingi tatizo limeshajulikana kabla hata sijaona bustani yake.

Rangi imefifia, jani limegeuka kijani

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Mtu amenunua krotoni nyekundu na njano iliyokolea kama kanga mpya, miezi mitatu baadaye imebaki kijani na michirizi hafifu. Anaamini ameuziwa mche wa bandia.

Chanzo karibu kila mara ni kivuli. Wekundu na zambarau vya jani hutokana na rangi iitwayo anthosiani, na ukijani hutokana na klorofili, ambayo ndiyo inayonasa mwanga ili mmea ujitengenezee chakula. Mwanga ukipungua, mmea unaongeza klorofili ili usipoteze hata ule kidogo unaoufikia, na wekundu unaachwa. Asili ya krotoni ni Malaysia, Indonesia na visiwa vya Pasifiki ya magharibi, na imezoea jua. Ikipata saa nne hadi sita za jua kwa siku inatoa rangi yake yote. Ikikaa barazani nyuma ya nguzo itaishi vizuri, ila itaishi kijani.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Saa sita mchana nyoosha mkono juu ya mmea, karibu shubiri mbili kutoka kwenye majani. Kivuli cha vidole kikionekana kwa kingo kali, mwanga unatosha kwa krotoni, kodilini nyekundu (ile ya majani marefu kama upanga) na bogenvilia. Kivuli kikiwa hafifu hata vidole havihesabiki, hapo panafaa kaladi, si krotoni.

Ukishagundua hivyo, usiikurupushe ukaiweka kwenye jua la Januari siku hiyo hiyo. Jani lililokulia kivulini ni laini, litababuka na kuacha mabaka meupe yanayokuwa ya kahawia. Isogeze kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, ukianza na jua la asubuhi. Kama imepandwa ardhini chini ya mti, punguza matawi ya mti. Na usihukumu kwa majani yaliyokwisha kuwa kijani, maana mengi hayatarudi kama zamani. Angalia yatakayochipua baada ya hapo.

Ila kuna jambo linalowatia watu hofu bure. Krotoni nyingi huchipua majani ya kijani au ya njano, kisha wekundu unaingia kadiri jani linavyozeeka. Ukiona kilele cha kijani juu ya majani mekundu ya chini, mmea wako ni mzima kabisa.

Sababu ya pili ni mbolea ya urea. Naitrojeni nyingi inasukuma majani mengi, mapana, ya kijani. Anayemwaga urea kwenye mmea wa rangi kila mwezi kwa sababu mahindi yake huipenda, anafifisha rangi kwa mkono wake mwenyewe. Mboji au samadi iliyoiva, koleo moja kuzunguka shina mwanzoni mwa masika na jingine mwanzoni mwa vuli, inatosha krotoni ya ardhini.

Sababu ya tatu huonekana kwenye mimea yenye mabaka meupe au njano: tawi moja linatoka kijani tupu katikati ya ndugu zake. Likate mpaka linapoanzia, na lisisubiri. Lina klorofili nyingi kuliko mengine, kwa hiyo linakua haraka zaidi, na ukiliacha litaumeza mmea mzima.

Kaladi na aina nyingi za koliasi, ule mmea mlaini wa majani ya rangi nyingi, ziko kinyume. Zenyewe rangi hupauka kwa jua kali, na kaladi nyeupe huungua hadi kuonekana kama karatasi iliyopitiwa na moto. Dawa yake ni kivuli chepesi cha mgomba au cha upande wa mashariki wa nyumba.

Ncha na kingo za majani zimekauka

Hapa nataka msomaji atulie, kwa sababu dalili hii inafanana kwa wote lakini chanzo kinatofautiana, na kwa wakazi wa Pwani chanzo kikuu ni maji yenyewe.

Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na bahari, vina maji ya chumvi kiasi. Watu hawayanywi, lakini hawaoni shida kumwagilia. Maji yakipotea kwa jua, chumvi inabaki udongoni, na kila siku inaongezeka. Mizizi inashindwa kunyonya, na kingo za majani ya zamani zinaanza kukauka, kahawia iliyopakana na njano nyembamba. Kagua juu ya udongo wa chungu na kwenye ukingo wake wa nje: ukiona ukoko mweupe unaokwanguka kwa ukucha, umeshapata jibu. Mara nyingi mtu huwa ameshaongeza mbolea ya chumvichumvi akidhani mmea una njaa, na mbolea hiyo nayo ni chumvi juu ya chumvi.

Tiba ni kuosha udongo. Kwangua ule ukoko utupe. Kisha mimina maji matamu polepole, kiasi mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, na yaache yatoke yote chini. Chungu kisichokuwa na tundu hakiwezi kutibiwa hivi, kwa hiyo kitoboe kwanza. Rudia baada ya miezi miwili kama huna maji mengine. Bora zaidi ni kuvuna mvua: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 1,000, ukitoa zinazomwagika. Pipa la lita 200 linajaa kabla mvua haijakatika. Maji hayo yawekee kaladi na koliasi, zisizovumilia chumvi. Bogenvilia inavumilia zaidi, iachie ya kisima.

Kama majani yaliyoungua yako upande mmoja tu wa mmea, ule unaotazama bahari, hilo ni la upepo. Kusi linapovuma kwa nguvu, bustani za Kigamboni na za ufukweni Unguja hupata unyevu wa chumvi hewani. Suuza majani kwa maji matamu jioni baada ya siku ya upepo mkali, na upande wa bahari panda kitu kigumu cha kukinga.

Kodilini ina kesi yake peke yake. Yenyewe na jamaa zake wa drasena huungua ncha kwa floraidi, hata maji yakiwa matamu mdomoni. Wasomaji wa Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wanaijua floraidi kwa meno ya kahawia, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwenye maji ya kunywa. Kwenye kodilini floraidi husafiri na maji hadi mwisho wa jani na kukusanyika hapo, ndiyo maana ncha ndiyo inayokufa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Tumia maji ya mvua, na usiiwekee mbolea ya supafosfati, kwa sababu nayo hubeba floraidi. Ncha iliyokauka ikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu nzima.

Kwa kuwa nimetaja drasena: isale, ambalo Wachagga hupanda mipakani na hupeleka mtu anapoomba msamaha, nalo ni drasena. Si kodilini, ingawa wauzaji wengi wa barabarani huziita zote kwa jina moja.

Majani yamekuwa ya njano

Ukijua jani ni la zamani au jipya, nusu ya kazi imekwisha. Majani ya chini yakigeuka njano yote kwa pamoja na mmea umedumaa, ni njaa ya naitrojeni, na hapo samadi inasaidia. Majani ya chini yakiwa ya njano kati ya mishipa huku mishipa imebaki kijani, upungufu ni wa magnesi. Yeyusha kijiko kikubwa kimoja cha chumvi ya haluli kwenye lita tano za maji, mwagilia mara moja, kisha subiri mwezi.

Majani ya juu, machanga, yakiwa ya njano na mishipa ya kijani kama mchoro wa wavu, kinachokosekana ni madini ya chuma. Iksora na hibiskasi ndizo za kwanza kulalamika. Huku kwetu chuma huwa kipo udongoni ila kimefungwa na chokaa. Kwenye ardhi ya uwanda Unguja, na popote penye mawe ya matumbawe, chokaa ni ya asili. Mjini, chokaa huletwa na fundi. Chimba kando ya ukuta mpya wa fensi, kwa kawaida utakuta vipande vya lipu na zege vilivyofukiwa. Dondoshea udongo matone ya siki: ukitoa povu, una chokaa. Ondoa vifusi, toa udongo wa kina cha mkono, jaza mpya uliochanganywa na mboji nyingi, na tafuta mbolea ya chuma ya kelati, yaani chuma kilichofungwa ili chokaa isikishike, inayofaa udongo wa chokaa. Na tafadhali usimwage majivu ya jikoni hapo. Majivu yanaongeza ugonjwa ule ule.

Unamwagilia, lakini mmea unanyauka

Mama mmoja wa Kigamboni aliniita mwezi Februari. Krotoni yake ilikuwa na mwaka mmoja ardhini, majani yamelegea kama nguo zilizoloa.

"Mwanangu, namwagilia asubuhi na jioni. Udongo umelowa, tazama mwenyewe. Bado linakufa."

"Basi mama, tulichimbue tuone."

Koleo lilipoingia lilikwaruza plastiki. Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, kilikuwa bado kimezunguka mizizi. Aliyempandia alikipasua chini tu, akakizika. Ndani, mizizi ilikuwa imezunguka mara tatu kufuata umbo la mfuko, imesokotana kama kamba ya kitanda, na ule udongo mwekundu wa kwenye mche ulikuwa mkavu na mgumu kama tofali ilhali mchanga uliouzunguka ulikuwa umelowa chepe. Maji yote aliyomwaga yalipita pembeni yakazama mchangani. Tuliloweka donge zima kwenye ndoo mpaka viputo vya hewa vikaisha, tukatoa plastiki, tukachana mizizi kwa vidole na kukata iliyozunguka, tukapunguza theluthi ya matawi, tukapanda upya. Ilichipua ndani ya wiki tano.

Nimesimulia kirefu kwa sababu naikuta mara nyingi mno. Kiriba kinatolewa chote, kila mara. Na donge la udongo mfinyanzi linaloingia kwenye ardhi ya kichanga lazima lilegezwe, au maji yatalikwepa.

Kama hakuna plastiki, nusa mizizi. Mizizi mizima ni myeupe au ya hudhurungi, migumu. Iliyooza kwa maji mengi ni laini, ngozi yake inavuka ukiivuta, na inanuka kama maji ya mtaro. Kata iliyooza, panda kwenye mchanganyiko mwepesi wenye mchanga mnene au pumba za mpunga, na mwagilia pale tu kidole kikizama pingili mbili bila kukuta unyevu.

Na ukikuta mizizi ina vinundu vinundu kama shanga, visivyobanduka ukivikwangua, hao ni minyoo fundo. Wanapenda mchanga wetu, na koliasi na hibiskasi ni chakula chao. Mmea huo ung'oe na kuuchoma, usiutupe kwenye mboji. Kisha lowesha eneo, lifunike kwa plastiki angavu iliyobana kingoni kwa wiki nne hadi sita wakati wa jua kali la kaskazi, ujaze mboji kabla ya kupanda kitu kingine.

Majani yamepukutika ghafla

Krotoni hupukutisha majani ikihamishwa tu: kutoka kitaluni kwenda nyumbani, kutoka uani kwenda kwenye chumba cha kiyoyozi. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na majimaji, mmea uko hai, utachipua wiki chache zijazo. Acha mbolea, punguza maji, usiuhamishe tena. Ukiukwangua nawa mikono, utomvu wake huwasha ngozi na hauondoki kwenye nguo. Krotoni ni jamaa wa mnyaa.

Vidoadoa, utando, unga mweupe, masizi

Krotoni iliyopauka kama imenyunyiziwa vumbi, hasa Januari na Februari, na hasa iliyo chini ya paa ambako mvua haifiki, ina utitiri. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara mbili. Vumbi likianza kutembea, ndio wenyewe. Huhitaji sumu. Elekeza mpira wa maji kwa nguvu mgongoni mwa majani, kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki mbili. Utitiri hushamiri kwenye ukavu na vumbi. Dawa kali za kuua kila mdudu mara nyingi huua wale wanaoula utitiri, na baada ya wiki unakuwa nao wengi kuliko mwanzo. Nimeona hilo kwenye ua mzima wa krotoni uliopuliziwa dawa ya kuua mbu.

Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Hushambulia hibiskasi, akalifa, mpapai, hata kodilini. Kata matawi yaliyojaa sana. Yaliyobaki pulizia jioni maji ya sabuni: kijiko kidogo kimoja cha sabuni laini ya maji kwa lita moja, pamoja na mililita tano za mafuta ya mwarobaini ukiwa nayo. Rudia kila wiki mara tatu. Jaribu kwenye tawi moja kwanza usubiri kutwa. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, inababua majani.

Masizi meusi juu ya majani si ugonjwa wa jani. Ni ukungu unaoota kwenye utamu unaodondoshwa na vidung'ata au wadudu magamba waliopo juu yake. Fuata mstari wa sisimizi, utawafikia, kwa kuwa sisimizi huwalinda ili wapate utamu huo. Zuia sisimizi kupanda. Lakini kama una minazi, fikiri mara mbili kabla ya kuchoma viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota: wao ndio wanaomfukuza mdudu anayenyonya vidaka na kufanya nazi zianguke changa.

Mwenye bromelia, mmea ambao majani yake hukutana katikati yakafanya kikombe kinachoshika maji, amwage na kubadilisha maji ya kikombe hicho kila wiki, pamoja na ya visahani vya vyungu. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji hayo madogo, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya homa hiyo, ukiwamo wa 2014 na wa 2019.

Bogenvilia ina majani matupu

Unaitunza kupita kiasi. Ile rangi si ua, ni majani maalumu yanayozunguka viua vidogo vyeupe, na mmea huyatoa vizuri ukiwa na jua kutwa na kiu kidogo. Acha urea. Punguza maji mpaka majani yaanze kulegea mchana, ndipo umwagilie sana mara moja, kisha usubiri tena. Rangi hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo kata ncha mara tu msimu mmoja wa maua unapokwisha. Ukikata kila wiki ili uzio unyooke kama ukuta, unakata maua yenyewe.

Kaladi zimetoweka

Hazijafa. Kaladi ni jamaa wa magimbi, ina kiazi chini, na ukavu au baridi ya kipupwe ikifika majani hulala yakaisha yote. Kosa linalofanyika hapo ni kumwagilia kwa huruma, na kiazi kinaoza. Acha udongo ukauke. Kama ni chungu, kilaze ubavu sehemu isiyonyeshewa. Kama ni ardhini, choma kijiti kila palipokuwa na shina, ili anayepalilia kabla ya mvua za vuli ajue pa kutopitisha jembe.